Tuliifungia Landrover mkonga wenyewe, maji yakatufundisha

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, tulikuwa tunatoka shambani upande wa Lupiro kurudi nyumbani Ifakara. Mimi na mke wangu tulikaa mbele. Watoto wetu watatu walikuwa nyuma kwenye yale mabenchi ya pembeni, wamebanana na majembe, mkungu wa ndizi na ndoo ya perege.

Asubuhi, kijito kinachokatiza njia ya shamba kilikuwa kinafika kwenye kifundo cha mguu. Jioni kilikuwa kimevimba kutoka ukingo hadi ukingo.

"Baba watoto, tusubiri yapungue kidogo," mke wangu aliniambia.

Nilicheka. Nikamwonesha lile bomba jeusi lililopanda pembeni ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Ulikuwa mkonga wetu, tuliokuwa tumeufunga wenyewe nyumbani wiki mbili nyuma, mimi na binti yangu mkubwa wa kidato cha pili. "Gari hili sasa linapumulia juu," nilimjibu. "Maji yatapita chini."

Tukaingia. Katikati ya kijito injini ikakohoa mara mbili, kisha ikazima kwa kishindo, kama mtu amepiga chuma kwa nyundo. Maji yakaanza kupanda kwenye miguu yetu. Mtoto mdogo akaanza kulia. Nami kwa kuchanganyikiwa nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya: nikapiga stata tena, na tena.

Vijana waliokuwa wanatoka mashambani walituona. Walishikana mikono, wakafungua mlango wa nyuma na kuwatoa watoto mmoja mmoja mgongoni. Gari lilivutwa na trekta usiku. Maji pale yalikuwa yanakwenda taratibu. Yangekuwa na kasi, makala haya yangeandikwa na mtu mwingine, tena kwa kichwa kingine.

Mzazi mwenzangu, sikuandikii ili nikukataze kushika spana. Bado natengeneza gari langu mwenyewe, na watoto bado wananisaidia. Ninachotaka kukueleza ni mahali ambapo kazi ya nyumbani inapaswa kuishia, kwa sababu mimi niliujua mpaka huo baada ya kuuvuka.

Kwa nini bado tuna gari la zamani

Bonde la Kilombero limebadilika. Zamani kwenda Ulanga ulikuwa unasubiri kivuko, na wengi wetu tunakumbuka Januari 2016 pale MV Kilombero II ilipopinduka. Mwaka 2018 daraja lilifunguliwa, lenye urefu wa mita 384, na leo unavuka mto mkubwa ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Lakini mashamba yetu hayako barabarani. Ukiacha barabara kuu, unakutana na udongo mweusi unaonata, mitaro, na vijito ambavyo jana havikuwapo. Huko Landrover na Land Cruiser za zamani bado zina heshima yake. Ndizo zinazobeba mbegu, wagonjwa, bibi harusi na maiti.

Landrover ilizinduliwa mwaka 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na ndiyo maana bodi hailiwi na kutu kama magari mengine. Defender ya mwisho ya mtindo huu wa zamani ilitoka kiwandani Uingereza Januari 2016. Hata hivyo, Oktoba 2024 zilikusanyika kwa mamia kule Arusha kwa tamasha lao, na nyingi zilifika zenyewe, bila kubebwa na lori.

Yetu ni Defender 110 ya miaka ya tisini, injini ya 300Tdi. Niliinunua ikiwa imechoka. Mshahara wa mwalimu hauruhusu kwenda gereji kila wiki, kwa hiyo nilianza kujifunza. Kilichonivutia ni kwamba gari hili halifichi kitu. Karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti unayoiona kwa macho, na mtu mwenye spana, subira na taa nzuri anaweza kufika mbali. Tatizo ni kwamba anaweza pia kujiona amefika mbali zaidi ya alipo.

Kosa letu lilikuwa wapi

Magari haya watu huyaita "mkonga" kwa sababu ya lile bomba linalofanana na mkonga wa tembo. Kazi yake ni kuchukua hewa ya injini kutoka juu badala ya pembeni ya boneti. Kwenye vumbi la kiangazi husaidia, na kwenye maji husaidia pia, ila tu kama njia nzima ya hewa imezibwa vizuri tangu juu hadi kwenye injini.

Sisi tulitumia bomba la plastiki la maji, gundi na klipu. Bomba lilikaa imara. Tulilipaka rangi, binti yangu akapiga picha, majirani wakaja kutazama. Hatukuliangalia kasha la kichujio cha hewa. Chini ya kasha hilo, kwenye magari mengi, kuna kitundu kidogo cha kutolea vumbi na unyevu. Kwetu mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Injini ilipokuwa inavuta pumzi juu ya paa, ilikuwa inakunywa maji kupitia chini.

Hewa hushindiliwa ndani ya silinda, maji hayashindiliwi. Pistoni ikipanda ikakuta maji, kitu lazima kipinde, na mara nyingi ni konrodi. Ule mshindo niliousikia ndio uliokuwa huo. Kila nilipopiga stata nilikuwa naongeza hasara.

Fundi wetu, mzee aliyeanza kufungua Landrover kabla sijazaliwa, alifungua injini akanionesha konrodi iliyopinda kama kijiko cha plastiki kwenye uji wa moto.

"Mwalimu," aliniambia, "mkonga unaipa injini pumzi. Haulifanyi gari kuwa mtumbwi."

Matengenezo yale yalikula pesa ya magunia 20 ya mpunga. Muhula uliofuata niliomba shule inivumilie kwenye michango ya mtoto.

Jaribio la dakika moja

Mzee yule alinifundisha jaribio ambalo ningelijua mapema lingeniokoa. Gari likiwa limesimama, washa injini iende taratibu. Kisha ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao kilichofunikwa mpira. Usitumie kiganja, na usimpe mtoto kazi hiyo. Kama njia ya hewa haivuji, injini itaanza kukabwa na kuzima baada ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, ujue inapata hewa mahali pengine, na panapoingia hewa ndipo patakapoingia maji.

Tulipofunga mkonga mpya, safari hii uliotengenezwa kwa ajili ya gari hili, tulifanya jaribio hilo mara tatu. Mara ya kwanza lilishindwa, kwa sababu ya klipu moja iliyokuwa haijakaza.

Mkonga siyo mwisho. Ekseli na giaboksi nazo hupumua, kwa vipira vyembamba. Difu ikiwa ya moto kisha ikatumbukia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Vipira hivyo vinatakiwa vipandishwe juu na visiwe vimeziba kwa tope. Hii ni kazi ya nyumbani kabisa, na haina gharama kubwa. Baada ya kuvuka maji mengi, legeza bolti ya difu uangalie oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na oili hiyo imwagwe kabla beringi hazijaharibika.

Landrover za aina yetu zina pia kitundu chini ya nyumba ya klachi na kingine kwenye kifuniko cha mkanda wa taiming. Kabla ya kuingia majini huzibwa kwa plagi zake maalumu. Ukishavuka na kumaliza safari, zitoe, kwa sababu vitundu hivyo vipo ili oili ikivuja ndani idondoke nje uione.

Maji mpaka wapi?

Kina ambacho kiwanda chenyewe kilikiruhusu kwa Defender za namna hii ni nusu mita, karibu na goti la mtu mzima. Kuongeza mkonga hakukubadilishii umeme, sili, breki wala uzito wa gari.

Kinachotisha zaidi ya kina ni mwendo wa maji. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimeta 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimeta 30 yanaweza kuondoka na magari mengi madogo, na sentimeta 60 yanaweza kusomba hata magari makubwa ya aina yetu. Gari likianza kuelea, matairi hayashiki tena chini, na hapo usukani hauna kazi.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna sheria tatu, na mke wangu ndiye hakimu. Kwanza, maji yanayokwenda kasi hatuingii, hata yakiwa machache. Pili, maji yaliyotulia hupimwa kwa fimbo na mtu mzima kabla gari halijaingia, na tusipoiona njia ya upande wa pili hatuendi. Tatu, watoto hushuka na kubaki sehemu ya juu hadi ijulikane. Maji yakizidi alama ya goti iliyochorwa kwenye ile fimbo, tunarudi tulikotoka.

Na injini ikizima majini, usiiwashe. Watoe watu, vuta gari, mwite fundi afungue nozeli na kutoa maji kwenye silinda kwanza.

Mtoto chini ya gari: hapana

Kuna jambo jingine ambalo wenye Landrover wengi hawalijui, nami nalitaja kwa sababu ya watoto. Breki ya mkono ya magari haya haikamati magurudumu kama ya gari dogo. Inakamata shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda difu ya nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu gurudumu hilo kuzunguka hewani wakati lile la pili linabiringika chini. Gari linaweza kuondoka kwenye jeki huku breki ya mkono ikiwa imevutwa vizuri.

Kwa hiyo, kabla ya jeki, weka vigingi vya mbao ngumu au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Anayeingia chini ya gari aingie likiwa limekaa kwenye stendi za chuma, juu ya sakafu ngumu. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Kwetu mtoto haingii chini ya gari, kwa sababu yoyote. Hafungui kifuniko cha rejeta ya moto, na hasogezi mkono karibu na feni injini ikiwa inawaka. Hata hivyo, kazi zake ni nyingi. Anapima oili, anaangalia maji ya rejeta asubuhi gari likiwa baridi, anapima upepo wa matairi, anasafisha kichujio cha hewa, anapanga spana, anashika taa. Mdogo wetu wa darasa la tatu ana kazi ya kuhesabu bolti zilizotolewa na kuzihesabu tena wakati wa kurudisha. Ameshatukamata mara mbili.

Kazi zetu, na kazi za fundi

Baada ya ajali ile mke wangu alinunua daftari la kurasa mia mbili, akaligawa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kazi zetu: kubadili oili na filta, kutia grisi kwenye krosi za shafti, kubadili balbu na fyuzi, kukaza klipu za mipira, kuosha tope ndani ya chasisi. Hiyo ya mwisho wengi huidharau. Bodi ni alumini, lakini chasisi ni chuma, na tope la mpunga likikaa humo msimu mzima linaila kutoka ndani.

Sehemu ya pili ni kazi za fundi: breki, usukani, mkanda wa taiming, pampu ya dizeli, na kuchomelea chochote kwenye chasisi. Mkanda wa taiming ukikatika barabarani unaweza kuharibu injini nzima, na kwenye vumbi na joto letu haufai kusubiri kilomita zile zile za barabara safi za Ulaya. Kuchomelea kuna hatari ya tangi la mafuta na nyaya, na betri lazima ifunguliwe kwanza.

Kipimo chetu ni swali moja: nikiikosea kazi hii, gari litagoma kuwaka, au litagoma kusimama? La kwanza tunajaribu wenyewe. La pili tunampelekea fundi, na tunamlipa bila kunung'unika.

Oili chafu tunaihifadhi kwenye dumu na kuipeleka gereji wanakoikusanya. Haimwagwi mtaroni. Mitaro ya Ifakara inaelekea kwenye mito, na bonde hili tangu mwaka 2002 linatambuliwa kimataifa kama ardhioevu muhimu chini ya mkataba wa Ramsar. Kwa lugha ya nyumbani, ni samaki wetu wenyewe hao.

Mabadiliko ya kupendeza macho

Vijana wanapenda gari lililonyanyuliwa, matairi makubwa, ngao nzito ya mbele na kerea iliyojaa juu ya paa. Kila kimoja kina gharama yake. Tairi kubwa huifanya saa ya mwendo isome pungufu, na breki zile zile zinalazimika kusimamisha kitu kizito zaidi. Gari likinyanyuliwa, pembe za shafti hubadilika na krosi huisha mapema. Mzigo mwingi juu ya paa hulifanya gari lipinduke kirahisi kwenye mteremko wa pembeni.

Ukibadili injini, kama wanaofunga za Kijapani, au ukibadili rangi, kumbuka kadi ya gari. Taarifa zake zinapaswa kurekebishwa TRA. Waeleze na watu wa bima. Ni afadhali waulize maswali leo kuliko siku ya ajali.

Sisi mabadiliko makubwa tuliyofanya hayapigwi picha. Tuliondoa yale mabenchi ya pembeni. Fundi akafunga viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda iliyokazwa kwenye chuma imara, wala si kwenye bati la alumini. Tulitumia pesa niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya winchi. Mke wangu hakunishauri. Alinikumbusha tu jinsi watoto walivyokuwa wameangukiana nyuma siku ile injini ilipozima.

Mwaka huu, kijito kile kile

Masika ya mwaka huu tulifika tena pale jioni, na maji yalikuwa yamejaa. Mkonga ulikuwa mpya, jaribio lilikuwa limefaulu, injini ilikuwa nzima. Binti yangu alinipa fimbo ya kupimia. Niliingia hatua nne, nikasikia maji yananivuta miguu, nikarudi.

Hakuna aliyesema kitu. Tuligeuza gari, tukaenda kulala kwa shemeji yangu Lupiro, watoto wakala wali na kambale, wakafurahi kuliko kama tungefika nyumbani. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua hadi chini ya goti, tukavuka taratibu.

Tulipofika nyumbani binti yangu aliandika kwenye daftari, chini ya tarehe, kwenye sehemu ya kazi zetu: "Kupima maji. Kurudi."